Tisa Mara Mbili: Rekodi za Waliofungwa Kuliko Wote

Viwanja vingi vya Goma vimelala juu ya mawe meusi ya volkano. Ukianguka hapo unaacha ngozi, na mpira wa bei nafuu haumalizi mwezi. Hapo ndipo vijana wa vyuo vyetu hukutana, kitivo kwa kitivo na chuo kwa chuo, na kila msimu lazima mmoja abaki mkiani. Wachezaji wa timu hiyo hurudi darasani Jumatatu wakijua watakachosikia: kwamba hawajatokea watu wa kufungwa kama wao, kwamba safari hii wamevunja rekodi.

Hilo neno rekodi ndilo lililonifanya niandike. Kuvunja rekodi ya kufungwa si kazi nyepesi. Wapo waliopigwa mabao 31 katika mechi moja. Wapo waliopoteza mechi 80 mfululizo na mwanafunzi aliyeanza chuo akamaliza bila kuona ushindi hata mmoja. Na wapo wa kwetu wenyewe, waliofungwa 9-0 mbele ya macho ya dunia miezi mitatu tu baada ya kutawazwa mabingwa wa Afrika. Nimewakusanya hapa, lakini sikuwapanga kwa ukubwa wa kipigo. Nitakaa zaidi na hao wa kwetu, kwa sababu wamechekwa nusu karne kwa mzigo ambao hawakujitwisha wenyewe.

Kipigo kikubwa kuliko vyote vya Afrika katika Kombe la Dunia

Watu huanza kuisimulia habari hii Juni 1974. Mimi naianza Machi, kwa sababu ukiruka Machi huwezi kujua ni watu gani waliofungwa Juni.

Mwezi huo wa Machi, nchini Misri, Zaire, kama nchi yetu ya Kongo ilivyoitwa wakati ule, ilicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya wenyeji. Ikatangulia kufungwa 2-0 huku Cairo nzima ikishangilia, kisha ikageuza meza na kushinda 3-2. Fainali dhidi ya Zambia ikaisha 2-2, na kwa kuwa kanuni za wakati ule hazikupeleka fainali kwenye penati, ikarudiwa siku mbili baadaye, tarehe 14 Machi. Ndiyo fainali pekee ya Kombe la Afrika iliyowahi kurudiwa. Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya mechi hizo mbili yalitoka kwa mtu mmoja, Ndaye Mulamba, ambaye alimaliza mashindano akiwa na mabao 9. Lilikuwa kombe la pili kwa nchi yetu. La kwanza lilipatikana mwaka 1968 kule Ethiopia, kwa bao 1-0 dhidi ya Ghana.

Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 1973, vijana hao hao walikuwa wameichapa Morocco 3-0 mjini Kinshasa na kukata tiketi ya Ujerumani Magharibi. Hakuna nchi ya Afrika kusini mwa Sahara iliyokuwa imefika Kombe la Dunia kabla yao. Rais Mobutu aliwapa nyumba na magari. Walivishwa jezi yenye kichwa cha chui kifuani, na kwa muda mfupi hakukuwa na Wazaire waliopendwa kuliko hao.

Mechi ya kwanza, Dortmund, tarehe 14 Juni: Scotland 2, Zaire 0. Hakuna aliyeona aibu katika matokeo hayo. Scotland ilikuwa na wachezaji wa Leeds na Manchester United, na Zaire ilicheza mpira wa kuonekana. Waskoti walipofika mawili wakaridhika, wakapunguza mwendo. Kumbuka kuridhika huko, nitarudi kwake.

Kati ya mechi ya kwanza na ya pili ndipo mambo yalipoharibikia. Kwa simulizi za wachezaji wenyewe, waligundua kuwa fedha walizoahidiwa hawatazipata; zimeishia mikononi mwa wakubwa waliosafiri nao. Wakakataa kucheza. Wakabembelezwa, wakashinikizwa, mwishowe wakaingia uwanjani Gelsenkirchen tarehe 18 Juni miili ikiwepo na mioyo ikiwa mbali. Waliosimama ng'ambo ya pili ni Yugoslavia, nchi ya kocha wao, Blagoje Vidinić, kipa wa zamani wa timu hiyo hiyo ya Yugoslavia.

Dakika ya 8, bao. Dakika ya 14, bao. Dakika ya 18, la tatu. Kipa Kazadi Mwamba, ambaye ndiye aliyekuwa langoni Kombe la Afrika lilipotwaliwa, akatolewa kabla nusu saa haijatimia na akaingia Tubilandu Ndimbi, mtu mfupi kwa kipa, ambaye muda mfupi baada ya kuingia aliinama kuokota mpira nyavuni. Katika zogo la bao hilo la nne, beki Mwepu Ilunga alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi, raia wa Colombia, akageuka na kumpa kadi nyekundu Ndaye Mulamba. Hakumtambua aliyemgusa. Kwa hiyo mfungaji bora wa Afrika, mtu wa mabao 9, alitoka uwanjani dakika ya 22 kwa kosa la mwenzake, na timu ikabaki na watu kumi, na kipa wa akiba, na mshahara usiokuwepo. Mapumziko walikwenda 6-0. Mwisho 9-0.

Nimesoma orodha nyingi za vipigo vikubwa, na karibu zote huandika mstari mmoja: Yugoslavia 9, Zaire 0. Mstari huo ni wa kweli. Lakini hausemi habari ya fedha, hausemi habari ya kadi iliyokosea mtu, na kwa hiyo unampa msomaji picha ya watu wasiojua mpira. Watu wasiojua mpira hawatoki nyuma ya Misri ndani ya Cairo.

Ikabaki Brazil, bingwa mtetezi, tarehe 22 Juni, Gelsenkirchen tena. Mwepu alikuja kusimulia kwamba walinzi wa rais walifika hotelini, wakawafungia nje waandishi wa habari, wakatoa ujumbe: mkifungwa manne na Brazil, hakuna atakayerudi nyumbani. Jairzinho akafunga la kwanza mapema. Rivellino akafunga la pili kipindi cha pili. Dakika ya 79 Valdomiro akapiga shuti ambalo Kazadi alipaswa kulidaka, likampita. Tatu. Zimebaki dakika kumi na moja, na mpaka waliochorewa ni bao moja tu mbele yao.

Katika dakika hizo za mwisho ndipo lilipotokea tukio ambalo runinga za Ulaya hulionyesha hadi leo watazamaji wakicheka. Brazil ina faulo karibu na lango. Ukuta wa Zaire umepangwa. Filimbi inalia, na kabla Mbrazili hajagusa mpira Mwepu Ilunga anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira mbali, uwanja mzima ukishangaa. Akapewa kadi ya njano. Watangazaji wakasema Waafrika hawa hata kanuni hawazijui. Mwepu alijibu miaka mingi baadaye: kanuni alizijua vizuri, alifanya makusudi, hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani huku watakaokula fedha wakiwa wamekaa jukwaani. Alikuwa amecheza mashindano ya kimataifa kwa miaka. Mtu aliyepita Togo, Cameroon, Ghana, Zambia na Morocco kufika pale hahitaji kufundishwa faulo ni nini. Mimi ninamwamini, na ninaona haya kwamba nami nililicheka tukio hilo utotoni kabla sijajua.

Mechi iliisha 3-0. Walirudi nyumbani, na wengi wao wakasahaulika.

Timu iliyotoka kapa ikaamua hatima ya wote

Katika mechi tatu Zaire haikupata pointi, haikufunga bao, ilifungwa 14. Sasa tazama msimamo wa kundi lile. Yugoslavia, Brazil na Scotland zilitoka sare zenyewe kwa zenyewe, mechi zote tatu. Zote zilikuwa na pointi nne. Kilichowatenganisha ni idadi ya mabao ambayo kila mmoja aliifunga Zaire: tisa, matatu, mawili. Wale walioridhika na mawili pale Dortmund wakarudi kwao. Scotland ndiyo timu pekee ambayo haikupoteza mechi hata moja katika Kombe la Dunia la 1974, bingwa mwenyewe Ujerumani Magharibi alipoteza moja, na bado Scotland ilitolewa raundi ya kwanza. Lile shuti la Valdomiro lililomteleza Kazadi ndilo lililoivusha Brazil. Lingeishia mikononi mwake, Scotland ingepita kwa mabao ya kufunga. Sijui timu nyingine ya mkiani iliyoshika hatima ya kundi lake kwa namna hiyo.

Ndaye Mulamba aliishi maisha marefu na magumu. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia wakati wa Kombe la Afrika akapewa heshima yake, na aliporudi nyumbani wezi wakampiga risasi mguuni. Akahamia Afrika Kusini. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika kule Burkina Faso, uwanja ulisimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea, kwa kuwa habari ilikuwa imeenea kwamba amekufa katika machimbo nchini Angola. Alikuwa hai, Cape Town, akitafuta riziki. Alifariki kweli Januari 2019. Mwepu alitangulia mwaka 2015.

Waliofungwa zaidi ya Zaire

Zaire haikuwa ya kwanza kufungwa 9-0 Kombe la Dunia, wala haishiki rekodi hiyo peke yake. Mwaka 1954 Korea Kusini ilifungwa 9-0 na Hungary mjini Zurich, kisha 7-0 na Uturuki: mabao 16 katika mechi mbili, mabaya kuliko 14 ya Zaire katika tatu. Nchi yao ilikuwa imetoka vitani mwaka mmoja tu kabla, na wachezaji waliwasili Uswisi muda mfupi kabla ya mechi, baada ya safari ya siku kadhaa. Miaka 48 baadaye Korea hiyo hiyo ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Mabao mengi kuliko yote kufungwa na timu moja katika mechi ya Kombe la Dunia ni 10, na aliyeyapokea ni El Salvador, 10-1, tena kutoka kwa Hungary, mwaka 1982 kule Elche, Hispania. Watu wa Goma wataielewa El Salvador kuliko watu wengi. Nchi ilikuwa inawaka vita vya wenyewe kwa wenyewe. Timu ilisafiri na wachezaji 20 badala ya 22 walioruhusiwa. Lile bao moja lilifungwa na Luis Ramírez Zapata, matokeo yakiwa 5-0, na lilikuwa bao la kwanza la nchi yake katika historia ya Kombe la Dunia.

Ukitoka Kombe la Dunia lenyewe ukaingia mechi za kufuzu, kilele ni Australia 31, Samoa ya Marekani 0, tarehe 11 Aprili 2001. Archie Thompson peke yake alifunga 13. Rekodi mbili zikavunjwa jioni moja, na zote ziko palepale hadi leo. Sababu yake inafaa kusomwa na kila katibu wa timu ya chuo, kwa sababu ni ya makaratasi. Wachezaji karibu wote wa timu ya wakubwa walizuiwa kwa matatizo ya pasi za kusafiria. Aliyebaki na ruhusa ni kipa Nicky Salapu. Wakageukia vijana wa chini ya miaka 20, nao wengi walikuwa kwenye mitihani ya shule. Timu iliyocheza ilikuwa na wastani wa umri wa miaka 18, wakiwemo watoto wa miaka 15. Mwaka 2011, tarehe 22 Novemba, Samoa ya Marekani iliifunga Tonga 2-1 na kupata ushindi wake wa kwanza katika mechi inayotambuliwa na FIFA. Langoni alikuwa Salapu yuleyule.

Kuna pia ile 149-0 ya Madagascar, Oktoba 2002, ambayo huwekwa juu ya orodha zote. Mimi naiweka pembeni. Wachezaji wa SO l'Emyrne walijifunga wenyewe kwa makusudi, bao baada ya bao, kupinga uamuzi wa refa katika mechi iliyotangulia. Hayo ni maandamano, hayakuwa mashindano, na AS Adema waliopewa ushindi walisimama tu wakitazama.

Chuo kilichopoteza mechi 80

Kwa upande wa vyuo, rekodi za kushindwa zilizoandikwa vizuri kuliko zote ziko Marekani, katika mpira wao wa kubeba mikononi na kuvaa kofia ngumu. Tarehe 7 Oktoba 1916, Atlanta, chuo cha Cumberland kilifungwa na Georgia Tech pointi 222 kwa 0. Mapumziko ilikuwa 126-0. Cumberland ilikuwa imeshaivunja timu yake, lakini mkataba wa mechi ulikuwepo na faini ya kutofika ilikuwa dola 3,000, fedha ambazo zingekiumiza chuo. Wakakusanywa wanafunzi waliokuwepo wakapanda treni. Walioumizwa wakauguza majeraha, chuo kikaokoka na faini. Sioni aibu yao iko wapi.

Prairie View A&M, chuo cha Wamarekani weusi huko Texas, kilipoteza mechi 80 mfululizo kati ya 1989 na 1998. Mwaka 1990 hakikucheza kabisa. Kiliporudi 1991 hakikuwa na fedha za kumlipia mchezaji ada ya masomo, huku wapinzani wakiwalipia wao. Ukisikia vijana wa kitivo fulani hapa kwetu wanacheza na timu ambayo wachezaji wake wamelipiwa kila kitu, wewe ushajua matokeo kabla ya filimbi. Wale walilijua hilo kwa miaka minane, na kila Jumamosi wakavaa jezi. Tarehe 26 Septemba 1998 wakaifunga Langston 14-12. Kuna wachezaji waliokuwa wameingia chuo, wakacheza miaka yao yote, wakahitimu, na kuisikia habari hiyo wakiwa kazini.

Na Caltech, chuo cha sayansi cha California ambacho maprofesa na wahitimu wake wamekusanya tuzo nyingi za Nobel, timu yake ya mpira wa kikapu ilipoteza mechi 310 za ligi yake mfululizo tangu 1985. Ilizikata Februari 2011 kwa kuifunga Occidental 46-45. Pointi moja.

Waliofungwa tano mara mbili wakasonga mbele

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na jirani zetu wa Dar es Salaam wana ushahidi wa karibu ambao Wakongo tuliushuhudia tukiwa ndani yake. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2018-19, Simba ilikuja Kinshasa Januari ikapigwa 5-0 na AS Vita Club. Wiki mbili baadaye ikaenda Misri ikapigwa 5-0 tena, na Al Ahly. Makapu mawili ya mabao katika mechi mbili. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefunga virago. Simba ikamfunga Al Ahly 1-0 nyumbani. Ikafungwa 2-0 kule Algeria. Ikabaki mechi ya mwisho, tarehe 16 Machi 2019, Dar es Salaam, na mgeni alikuwa Vita yuleyule. Simba 2, Vita 1. Timu iliyofungwa mabao 13 katika makundi ikaingia robo fainali, na Vita iliyoifunga tano ikabaki nje. Safari yao ilikomea Lubumbashi kwa TP Mazembe, 4-1.

Simba inajua vipigo vya pande zote. Katika mechi za watani wa jadi, ndiyo iliyotoa kipigo kikubwa kuliko vyote, 6-0 dhidi ya Yanga mwaka 1977, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Ndiyo iliyopokea 5-1 Novemba 2023.

Côte d'Ivoire ilikwenda mbali zaidi ya Simba. Januari 2024, ikiwa mwenyeji wa Kombe la Afrika, ilifungwa 4-0 nyumbani kwake na Guinea ya Ikweta, ikamfukuza kocha katikati ya mashindano, ikapenya kama mmoja wa washindwa bora, na ikatwaa kombe.

Kushindwa kwa mbali zaidi

TP Mazembe ilishindwa 3-0 na Inter Milan tarehe 18 Desemba 2010, Abu Dhabi. Kipigo cha kawaida, tena cha wazi. Lakini kilikuwa katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ambako hakuna timu yoyote nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyokuwa imewahi kufika. Siku nne kabla, Mazembe ilikuwa imeifunga Internacional ya Brazil 2-0, na kipa Robert Kidiaba akaruka-ruka kwa makalio uwanjani dunia nzima ikimtazama. Klabu hiyo ilianzishwa na mapadri Wabenedikto kwa ajili ya vijana wa skauti mwaka 1939. Mpira wa Kongo ulizaliwa shuleni na misheni. Kinshasa nao wana Tata Raphaël, padri mmisionari aliyeanzisha timu na kujenga viwanja kwa ajili ya wanafunzi, na jina lake bado liko kwenye uwanja. Mwanafunzi anayecheza kwenye mawe ya Goma leo yuko kwenye shina la mpira huu, hayuko pembeni yake.

Mechi tuliyopoteza ikasema kuliko tulizoshinda

Nimeiacha hii mwisho kwa kuwa ni ya Goma.

Katika Kombe lile lile la Afrika ambalo Côte d'Ivoire ililitwaa, mwanzoni mwa 2024, timu yetu ya taifa, Leopards, walifika nusu fainali kwa njia ya ajabu: sare na Zambia, sare na Morocco, sare na Tanzania, sare na Misri na kuvuka kwa penati 8-7. Mechi ya kwanza waliyoshinda ndani ya dakika 90 ni robo fainali dhidi ya Guinea, 3-1. Walimaliza wa nne wakiwa na ushindi mmoja.

Tarehe 7 Februari, Abidjan, walisimama kwa wimbo wa taifa kabla ya kukutana na Côte d'Ivoire. Siku hizo hizo mapigano yalikuwa yamekaribia Sake, kilomita kama 25 kutoka hapa, na barabara ya magharibi ilikuwa imejaa familia zinazobeba magodoro na masufuria kuelekea kambi za kando ya mji. Wimbo ulipoanza, wachezaji wakafunika midomo yao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye panja kama bastola. Hawakusema neno. Kila aliyekuwa mbele ya runinga barani Afrika aliona: watu wanauawa mashariki mwa Kongo na dunia imefunga mdomo.

Walifungwa 1-0, bao la Sébastien Haller dakika ya 65. Siku tatu baadaye wakakosa nafasi ya tatu kwa penati mbele ya Afrika Kusini. Siku chache baadaye Héritier Luvumbu, Mkongo aliyekuwa akichezea Rayon Sports ya Rwanda, alifunga bao Kigali akarudia ishara ile ile, na akafungiwa miezi sita na shirikisho la huko.

Sikumbuki ushindi wowote wa Leopards katika umri wangu uliobeba ujumbe wetu mbali kiasi hicho. Januari 2025 vita vikaingia Goma yenyewe. Vijana wengi waliokuwa wakicheza katika timu za vyuo walitawanyika, wengine hawapo tena. Wanaorudi uwanjani wanaanza na wachezaji pungufu, na viatu vya kuazima, na wanafungwa.

Ombi langu kwa makatibu wa timu za vyuo vya mji huu ni dogo. Nunueni daftari. Andikeni kila mechi: tarehe, uwanja, majina ya kumi na mmoja walioanza, nani alifunga, nani aliumia, na matokeo, hata yakiwa saba kwa bila. Andikeni pia sababu, kama ni mitihani, kama ni nauli, kama ni barabara iliyofungwa. Tusipoyaandika sisi, wataandika wengine mstari mmoja. Na katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo wekeni mwaka 1974 na mistari miwili: mabao 9 tuliyofungwa Gelsenkirchen, na mabao 9 aliyofunga Ndaye Mulamba nchini Misri, ambayo hadi leo hakuna mchezaji mwingine aliyeyafikia katika Kombe moja la Afrika.